Maji Kidogo Tu

Siku ambayo watu wa jimbo walikuwa waje kukagua nyumba, Arlena Stacy aliamka alfajiri akaanza kupaka rangi ukuta. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu Kijito cha Quillen kiingie ndani bila kupiga hodi. Rangi yenyewe ilikuwa ya msaada, makopo mawili ya rangi ya maziwa yaliyoletwa na kanisa la wilaya jirani, na Arlena alikuwa ameyapangia kazi kwa siku tatu nzima. Yakitosha sebule na ujia wa jikoni, mgeni hataona kitu.

"Unafungia maji ndani ya ukuta," mumewe Burl alimwambia kutoka kitandani. Kitanda kilikuwa cha turubai, cha kukunja, nacho cha msaada. "Huo ukuta haujakauka, Lena. Utaota kuvu kama bustani."

"Utaota wakishaondoka."

"Lakini si wanakuja kuangalia uharibifu? Na wewe unauficha."

"Nyumba chafu si uharibifu, Burl. Nyumba chafu ni nyumba chafu."

Burl alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Miaka thelathini na mmoja ya kazi ya fundi umeme chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa, ilikuwa imemwachia pensheni ndogo na mapafu yaliyochakaa. Wiki iliyopita daktari wa zahanati alimwambia waziwazi, mbele ya mkewe: ukiendelea kulala kwenye kuvu mpaka baridi iingie, Pasaka hutaiona. Arlena alisikia. Alisikia vizuri sana, ndiyo maana alisugua kila ubao kwa klorini mpaka ngozi ya vidole ikambabuka. Aliamini kuvu ni uchafu, na uchafu haujawahi kumshinda.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, halikuwa la rangi. Alikuwa amelifanya siku tisa nyuma, kwenye simu.

Idara ya maafa ya jimbo ilikuwa imetangaza namba. Mwenye nyumba anapiga, anaulizwa maswali, jina lake linaingia kwenye orodha, na orodha ndiyo inayoamua wakaguzi waanzie wapi. Arlena alipiga kwa simu ya mchungaji, amesimama kwenye bwalo la shule, nyuma yake foleni ya watu wanaosubiri simu hiyohiyo. Binti wa upande wa pili akamwuliza maji yalifika wapi.

"Ah, tulipata maji kidogo tu, mwanangu," Arlena akasema. "Kuna wenzetu wenye shida kweli. Mtazameni kwanza Dovie Pratt, nyumba yake imechukuliwa yote."

Binti akaandika: maji kidogo. Angefanyaje? Alikuwa ofisini Frankfort, mji mkuu wa jimbo, maili zaidi ya mia kutoka huku milimani, na hakujua kwamba bondeni kwetu maji kidogo yana kina. Kwetu mtu akivunjika mguu anasema amejikwaa. Akifiwa, anakwambia anaendelea vizuri, halafu anakuuliza hali yako. Ni adabu tuliyonyonya kwa mama zetu na sitaicheka, maana imetuvusha migomo, misiba ya mgodini na miaka ya njaa. Lakini waliotufundisha hawakuwahi kujaza fomu.

*

Deaton Amburgey, afisa wa maafa wa wilaya, alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na katika siku kumi na mbili alikuwa amezeeka mitano. Ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye bwalo la shule. Kila asubuhi saa mbili aliongea na watu wa jimbo kwa simu, na jioni saa kumi na moja akaongea nao tena: malori ya maji yako wapi, jenereta ya zahanati imefika, daraja la muda litawekwa lini, nani anawalisha wanaojitolea. Na haki ya mtu apewe, watu wa jimbo walifanya kazi. Helikopta zilikuja siku ileile ya mafuriko. Maji ya kunywa yalifika kesho yake. Siku ya nne barabara ikapitika.

Kazi ya kuokoa watu waliijua. Sasa ilikuwa zamu ya kujenga upya, na kujenga upya kuna mlango wake. Kwa msaada ule, mlango ulikuwa namba: nyumba ishirini na tano zilizoharibika vibaya ndani ya wilaya moja, zilizoonwa kwa macho na mkaguzi. Zikitimia, gavana anatia sahihi na fedha za kujengea zinafunguliwa kwa wote. Zikipungua hata moja, hakuna anayepata. Kwenye ubao mweupe nyuma ya meza ya Deaton palikuwa na namba 23, na orodha ilitakiwa kupelekwa siku ileile saa kumi na moja jioni.

Saa saba mchana alikuwa njiani, akiendesha pikapu ya zimamoto, na kando yake mkaguzi wa jimbo, mama mmoja mwembamba anayeitwa Renita Holloway, mzaliwa wa magharibi ambako ardhi ni tambarare na watu husema wanachotaka.

"Nyumba sita tangu asubuhi," Renita alisema. "Nimekula mara sita. Na kila nyumba inanituma kwa jirani mwenye hali mbaya zaidi. Huyo jirani anaishi wapi, Deaton? Nimezunguka bonde zima simwoni."

"Umeshamwona mara sita."

"Halafu wanapaka rangi!"

"Wanapaka kwa sababu unakuja. Ungekuja bila taarifa ungekuta tope."

"Sheria inataka nitoe taarifa."

"Basi sheria imewapa muda wa kupaka."

Renita alicheka, lakini kwa uchovu. Alifungua faili magotini. "Hawa Stacy. Hapa wameandikwa maji kidogo. Kwa nini tunakwenda?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa shangazi Arlena dirishani nikamweka kwenye boti. Alikuwa ameshika Biblia na sufuria. Mumewe alikuwa amekaa juu ya kabati."

"Shangazi yako wa damu?"

"Huku kila mwanamke aliyekufundisha Biblia ukiwa mtoto ni shangazi."

"Basi ushahidi wako hauna kazi. Wilaya yako ndiyo inayoomba, na wewe ni mtu wao. Lazima nione alama mwenyewe, au picha." Alifunga faili. "Siandiki nisichokiona, Deaton. Nikiandika kimoja cha uongo, wakubwa watatupa hata vile ishirini na tatu vya kweli."

Deaton alibadilisha gia. Alijua ni kweli, na alijua pia shangazi Arlena anavyosugua kuta.

*

Arlena aliwapokea mlangoni akiwa na aproni iliyopigwa pasi. Pasi aliipata wapi, na umeme umekatwa tangu siku ya mafuriko, mimi sijui. Mezani palikuwa na maharage, mkate wa mahindi, nyanya zilizokatwa na chai baridi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Viti vilikuwa vya kuazima, vya chuma, na kila kimoja kimepigwa mhuri mgongoni kuonyesha ni mali ya kanisa. Arlena alivipanga migongo yote ikielekea ukutani, kwa hiyo Renita ilimbidi apenye kwa ubavu ili akae.

"Kula kwanza, mwanangu. Umekonda."

"Asante, mama. Nimekula kwa..."

"Ulichokula kwingine ni cha kwingine."

Renita akala. Deaton akala. Burl alikaa mwisho wa meza, mkono kifuani, akimtazama mkewe kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu mgeni alikuwa amekuja na dawa kwenye faili, na mwenyeji alikuwa mbioni kuhakikisha haponi.

Sahani zilipoondolewa, Renita alisimama akazunguka nyumba na tepu ya kupimia mkononi. Alipita sebuleni, ujiani, chumbani. Kuta zilimrudishia weupe mtupu. Alinusa, akasita, akanusa tena. Harufu ilikuwepo, lakini harufu haipimwi kwa inchi. Akarudi mezani akafungua fomu.

"Maji yalifika wapi, mama?"

"Ah, kidogo tu."

"Kidogo ni wapi? Kifundo cha mguu? Goti?"

Arlena alimtazama Burl. Burl aliitazama chai yake.

"Yalilowesha zulia," Arlena akasema.

"Naliona halipo."

"Tulikuwa na mpango wa kulitupa hata hivyo."

"Na makochi?"

"Yalikuwa ya zamani."

"Jokofu?"

"Lilikuwa linapiga kelele."

Burl alitoa sauti fulani, ikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Alisimama, akashika ukuta, akainama. Arlena alimletea maji, akampapasa mgongo kwa duara, kama jambo analolifanya mara kumi kwa siku. Wageni wote wawili walitazama mikono yao. Kilipotulia, kiganja cha Burl kilikuwa kimebandika alama kwenye rangi mbichi, na Arlena, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama ile alama.

Renita akaandika kwenye fomu. Deaton aliyaona maneno kwa upande: uharibifu mdogo.

"Shangazi," akasema. "Dovie Pratt umemwona lini?"

"Jana. Nilimpelekea mkate. Maskini wa Mungu, analala ukumbi wa michezo wa shule, kitanda kiko chini ya goli la mpira wa kikapu. Miaka sabini na nane! Ndiyo maana nawaambia msaidieni Dovie kwanza. Sisi tutangoja."

"Dovie hasaidiwi, shangazi."

"Kwa nini? Si mmemwandika?"

"Tumemwandika. Ni wa kwanza kabisa. Lakini msaada haufunguki mpaka zipatikane nyumba ishirini na tano zilizoharibika vibaya wilaya nzima. Tuna ishirini na tatu. Isipofika ishirini na tano leo saa kumi na moja, Dovie anapata blanketi na pole. Basi."

Arlena alimgeukia Renita. "Mnamfungia Dovie mlango kwa sababu ya nyumba yangu?"

"Sheria ndiyo inayofunga, mama," Renita alisema polepole. "Sikuitunga mimi. Na wala siipendi."

"Lakini mimi nilisema apewe yeye. Niliwaambia kwenye simu. Nilimpisha."

"Umempisha," Deaton alisema, "na kina Combs wamempisha, na jirani yenu Ottie Napier amempisha. Jeneza linataka watu sita, shangazi. Kila mtu akimpisha mwenzake, maiti inabaki sebuleni."

Hakuna aliyewahi kusema naye hivyo ndani ya nyumba yake, na tena mtoto aliyemfundisha Baba Yetu. Arlena alikaa kwenye kiti cha kanisa. Aliona aibu, aibu halisi, siyo ile ya zulia. Siku tisa alikuwa akilala akiwa na amani kwamba amemtanguliza jirani yake, na siku hizo tisa Dovie alikuwa akitazama wavu wa kikapu juu ya uso wake. Alikunja ncha ya aproni, akaikunjua, akaikunja tena.

"Burl," akasema. "Lete bisibisi."

Burl aliitoa mfuko wa shati. Ilikuwa imekaa humo tangu asubuhi.

"Ulijua," Arlena akamwambia.

"Nimekuoa miaka hamsini. Nilikuwa nakungoja."

Aliikokota miguu mpaka kwenye swichi ya taa, pembeni mwa mlango wa jikoni. Kifuniko chake kilikuwa kinang'aa, kimesuguliwa mpaka kwenye mifereji ya skrubu. Burl alifungua skrubu ya juu, akapumzika, akafungua ya chini. "Ukuta unaosheka," alimwambia Renita, akihema. "Lakini ndani ya boksi la swichi hakuna mwanamke anayefika. Hata huyu."

Kifuniko kikatoka. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha tope likajisukuma nje, bichi bado, la kahawia, lina kipande cha jani ndani yake, likateremka juu ya rangi ya maziwa mpaka chini, likadondoka kwenye sakafu aliyoipiga deki mara mbili asubuhi ile.

Arlena alikuwa ameshafika na kitambaa.

"Tafadhali mama," Renita akasema. "Usifute."

Basi akasimama. Kusimama na kitambaa mkononi huku mgeni akipiga picha uchafu wa nyumba yako, mara moja, mara mbili, kwa karibu, kwa mbali, kulimgharimu Arlena Stacy kuliko makochi na jokofu kwa pamoja. Alisimama mpaka mwisho. Renita alipoishusha tepu kutoka kwenye swichi, Arlena mwenyewe aliinama akashika ncha ya chini, akaibana sakafuni kwa kidole kilichobabuka.

"Inchi arobaini na nane," Renita alisoma. "Futi nne kamili."

Akarudi kwenye fomu, akakata maneno aliyoandika, akaandika mengine. Kisha akauliza swali la mwisho, na alionekana kama angependa lisingekuwepo.

"Nyumba hii inakalika, mama?"

Nje kijito kilipita kwa upole. Arlena alitazama kuta zake nyeupe, na ile alama ya kiganja.

"Hapana," akasema. "Haikaliki. Mume wangu anakufa humu ndani."

Alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo hata kwa Mungu, na yeye huongea na Mungu mara tatu kwa siku. Burl alimsogelea. Alimwekea mkewe mkono begani akauacha hapo.

"Asante," Renita alisema.

"Usinishukuru. Mmebakiza ngapi?"

"Moja."

"Na saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na nusu," Deaton akasema.

Arlena alichukua bisibisi mkononi mwa Burl, akaipangusa kwa kitambaa kilichokuwa kimengoja kazi muda wote ule, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Twendeni kwa Ottie," alisema. "Mimi nakaa mbele."

*

Ottie Napier aliwasikia kabla hawajavuka kidaraja, akatoka barazani na birika la kahawa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mjane, mwenye sauti inayofika ng'ambo.

"Karibuni! Karibuni mnywe kitu. Ila mmepoteza mafuta bure, jamani, mimi sijambo kabisa. Nilipata maji kidogo tu. Wa kwenda kumwona ni Arlena Stacy, na yule mzee wake anavyokohoa..."

Mlango wa mbele wa pikapu ukafunguliwa, Arlena akashuka.

"Wameshafika kwangu, Ottie."

"Ahaa." Ottie aliweka birika chini. "Wamekuandikaje?"

"Wameniandika vibaya."

"Pole," Ottie alisema, na alivua kofia, kwa sababu kwetu maneno kama hayo ni ya msiba.

"Nami niliwaambia maji kidogo," Arlena akasema. Alipanda ngazi moja, ya pili, akasimama mbele yake. "Yangu kidogo yalifika hapa." Alikuwa mfupi, na mkono aliouweka ulimkata juu ya kifua. "Dovie yuko chini ya goli la kikapu, Ottie, na anatungoja sisi wawili. Yako kidogo yalifika wapi?"

Ottie alimtazama Renita aliyeshika faili, akamtazama Deaton aliyejifanya anakagua tairi. Mkono wake ulipanda taratibu, ukafika kiunoni, ukafika kifuani, ukaonekana kama unataka kuishia hapo. Arlena alikuwa bado anamtazama. Ukaendelea kupanda, na ulipofika chini ya kidevu ukakaa.

Arlena akatoa bisibisi mfukoni.

Ottie akasogea akawapisha mlangoni. "Ingieni," alisema, na sauti yake haikufika mbali. "Ila angalieni nguo zenu. Rangi bado mbichi."